Akiba Haiozi, Mwenye Akiba Je?

Kiswahili kina methali mbili kuhusu kungoja, na hazipatani. Moja inasema subira huvuta heri. Nyingine inasema ngojangoja huumiza matumbo. Mwanamke aliyefika miaka thelathini na kitu bila mtoto huzisikia zote mbili, mara nyingi kutoka kinywa kilekile. Shangazi anayekuombea dua upate mume mwema kwa wakati wa Mungu ndiye huyohuyo anayekuuliza, kabla sahani za pilau hazijaondolewa mkekani, "Sasa mwanangu, unangoja nini?"

Miaka ya karibuni methali ya tatu imeingia katika ugomvi huu. Imekuja na matangazo ya kliniki za uzazi kwenye simu zetu, yenye picha ya mwanamke aliyevaa suti, amesimama dirishani, anatabasamu. Haijaandikwa popote katika tangazo, lakini ndiyo inayouzwa: akiba haiozi. Gandisha mayai yako leo ukiwa kijana, uje kuyatumia utakapokuwa tayari.

Nina miaka 34. Naishi Dar es Salaam, nina kazi, sina mume, na siwezi kuapa kwamba nataka mtoto wala kwamba simtaki. Kwa miaka miwili nimelibeba swali hili mkobani kama bahasha ambayo sijaifungua. Wanaolijadili huuliza kama jambo lenyewe ni halali, kama ni salama, kama bei inalipika. Ni maswali ya haki na nitayagusa. Lakini chini yake naona kuna swali lingine, na ndilo linaloamua: anayegandisha mayai anasubiri, au anangojangoja? Kwa nje mambo haya mawili hufanana kabisa. Sindano ni zilezile, risiti ni ileile.

*

Tuanze na mwili, maana mwili ndio unaotoa tarehe.

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na mayai machanga kati ya milioni 1 na milioni 2. Yai lililokuja kuwa mimi lilikuwemo ndani ya mama yangu kabla mama hajazaliwa, akiwa bado tumboni mwa bibi yangu kule Pangani. Msichana anapobalehe hubaki na mayai kama 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote atapevusha 400 au 500 tu. Mengine hufa kimyakimya mwezi baada ya mwezi, awe anameza vidonge vya kupanga uzazi au la, awe hajawahi kuguswa au ni mama wa watoto sita. Na yanayobaki huzeeka pamoja na mwenyewe, ndiyo maana baada ya miaka 35 mimba huanza kuwa ngumu kutunga na rahisi kuharibika.

Kugandisha ni jaribio la kuyatoa baadhi ya mayai katika mwendo huo. Kwa siku kama 10 au 12 unajichoma sindano za homoni tumboni, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja badala ya moja. Kila baada ya siku chache unakwenda kupigwa altrasaundi na kupimwa damu. Sindano ya mwisho unachoma saa kama 36 kabla ya kuvuna, kisha unapewa dawa ya usingizi na daktari anayavuta mayai kwa sindano ndefu inayopitia ukeni. Wengi hutoka wamechoka na tumbo limejaa. Wachache huumwa sana: ovari huvimba, maji hujaa tumboni, wakalazwa.

Yai ndilo seli kubwa kuliko zote mwilini mwa binadamu, na limejaa maji. Ukiligandisha polepole kama samaki kwenye friza, maji yale hugeuka chembe za barafu na kulipasua. Kwa hiyo, ingawa uzazi wa kwanza kutokana na yai lililogandishwa uliripotiwa Australia mwaka 1986, kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya kubahatisha. Kilichobadili mambo ni njia ya kulipoza yai kwa kasi kubwa mno mpaka linakuwa kama kioo, bila barafu kupata nafasi ya kujijenga. Baada ya hapo hukaa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Oktoba 2012 chama cha wataalamu wa tiba ya uzazi cha Marekani kiliacha kuiita njia hii ya majaribio. Miaka miwili baadaye Facebook na Apple zikatangaza kwamba zitawalipia wafanyakazi wao gharama zake.

*

Sasa, akiba hii inanunua nini hasa?

Mahindi yakiwa ghalani, ukifungua ghala unakuta mahindi. Tangi la nitrojeni haliko hivyo. Kuna mayai yatakayokufa wakati wa kuyeyushwa, mengine hayatarutubika, mengine yatarutubika yakakoma kukua siku ya tatu, na mengine yatapandikizwa yasishike. Mwaka 2022 kituo kimoja cha uzazi cha New York kilichapisha matokeo ya wanawake waliorudi kuyatumia mayai yao. Kwa wastani walikuwa wameyagandisha wakiwa na miaka 38, na asilimia 39 kati yao walipata mtoto. Kwa waliogandisha kabla ya kufika miaka 38 ilikuwa asilimia 51. Hesabu nyingine ya mwaka 2017 ilikadiria mayai yanayohitajika ili mwanamke awe na nafasi ya asilimia 75 ya kupata angalau mtoto mmoja: mayai 10 akigandisha na miaka 34, mayai 20 akiwa na miaka 37, na mayai 61 akiwa na miaka 42. Mzunguko mmoja wa sindano unaweza kutoa mayai 15. Unaweza pia kutoa matatu.

Hapo kuna kitendawili kinachoudhi. Umri ambao mayai yanafaa zaidi kugandishwa ni umri ambao wengi hawafikirii kugandisha, na pengine hawatayahitaji. Umri ambao hofu inakupeleka kliniki mbio ni ule ambao mayai yenyewe yameanza kupungua thamani. Ukiwahi, huenda umetupa fedha. Ukichelewa, huenda umenunua matumaini hewa.

Tena akiba hii ina mlinzi. Tangi la nitrojeni halitegemei umeme kama friza. Linategemea mtu anayekumbuka kuliongeza na kengele inayolia kimiminika kikipungua. Machi 2018, mwishoni mwa wiki moja, matangi ya vituo viwili vya Marekani yaliharibika, kimoja San Francisco na kingine Cleveland. Cleveland peke yake yaliathirika mayai na viinitete zaidi ya 4,000. Hata akiba isiyooza inaweza kupotea.

Na ikisalimika, bado kuna mwenye akiba. Yai litabaki na miaka 34, lakini mimba italelewa na mwili wa miaka 44, wenye shinikizo la damu la miaka 44. Mtoto atakapokuwa kidato cha nne, mama atakuwa amestaafu. Hilo si kosa. Bibi zetu wengi walilea wajukuu wakiwa na umri huohuo. Ila tangazo la mwanamke wa dirishani halilisemi.

Jambo lingine lisilosemwa ni kwamba wengi waliogandisha hawarudi kabisa. Wengine hupata watoto kwa njia ya kawaida, wengine hubadili mawazo. Je, walipoteza? Aliyebeba mwavuli siku ambayo mvua haikunyesha hajapata hasara. Alitembea na amani. Ninachokiogopa ni tofauti kidogo. Mwavuli unaweza kukutoa nje siku ambayo ungebaki nyumbani. Mwanamke mwenye mayai 8 tangini anaweza kuvumilia miaka mitatu zaidi uhusiano usioelekea popote, au kazi inayommaliza, kwa sababu anaamini muda umesimama. Muda wa mayai umesimama. Wake unaendelea.

*

Kabla ya kumhukumu anayegandisha, tumjue kwanza. Simulizi tulilopewa mwaka 2014 lilikuwa la mwanamke anayekimbilia vyeo, na huku kwetu likageuzwa kirahisi kuwa lawama: usomi umemlevya, anataka umeneja kuliko umama. Mwanaanthropolojia Marcia Inhorn wa Chuo Kikuu cha Yale aliwahoji wanawake 150 wa Marekani waliogandisha mayai, na mwaka 2023 akachapisha kitabu, *Motherhood on Ice*. Wengi wao hawakuwa wameahirisha mtoto kwa ajili ya kazi. Walikuwa wamekosa mwenza wa kuzaa naye: mwanamume aliye tayari, anayewaheshimu, asiyetishwa na elimu yao.

Niliposoma hayo nilimkumbuka rafiki yangu mmoja, mfamasia, aliyewahi kuniambia, "Mimi sijaahirisha mtoto. Nimekosa mtu." Mwanamke wa namna hii ukimwita mbinafsi umekosea mlango.

Lakini ukweli huo una upande wa pili. Ikiwa tatizo ni la watu wawili, au la jamii nzima, kwa nini dawa yake inachomwa tumbo la mtu mmoja? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo. Baba anapewa angalau siku 3. Namba hizo mbili zinatosha kueleza nani anategemewa kusimamisha maisha mtoto anapozaliwa, na kwa nini mwanamke anayependa kazi yake anapiga hesabu ambazo mwanamume wa rika lake hazimpiti kichwani. Mwajiri anayekulipia kugandisha mayai amekupa kitu, ni kweli. Amekuambia pia, kwa adabu, wakati ambao angependa usizae.

Kwa mfuko wa wengi wetu mjadala huo wa mwajiri ni wa mbali. Mzunguko mmoja hula mishahara ya miezi kadhaa ya mwalimu wa sekondari, kisha kuna ada ya kuhifadhi kila mwaka, kisha gharama za kurutubisha na kupandikiza siku ukirudi. Nani mwenye hiari hii ni sehemu ya swali la maadili. Hata hivyo mwenye uwezo naye lazima aamue, na ni huko ninakotaka kufika.

*

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969, *African Religions and Philosophy*, alitumia maneno mawili ya Kiswahili kueleza wakati kwa Mwafrika: Sasa na Zamani. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo. Kilichopo ni yanayotokea sasa na bahari kubwa ya yaliyopita. Aliandika pia kwamba aliyekufa huendelea kuishi maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na wanaomkumbuka ni watoto. Kufa bila mtoto ni kuzimika moja kwa moja.

Kwa mizani ya Mbiti, yai tangini ni kitu cha ajabu: limetolewa katika Sasa, halijaingia Zamani, linangoja katika wakati ambao wahenga hawakuupa jina.

Mbiti alipingwa, na mmoja wa waliompinga ni Kwame Gyekye wa Ghana, aliyetumia lugha ya Waakan kuonyesha kwamba wakati ujao upo. Mimi nina ushahidi mwepesi zaidi. Watu wa pwani hupanda minazi. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kutoa nazi, na mzee wa miaka sabini bado hupanda. Ndani kidogo ya pwani, mkulima hutundika mahindi ya mbegu juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Hayo yote ni kuujua wakati ujao.

Ila mkulima yule ukimwuliza, "Mbegu hizi za lini?" atakujibu mara moja: za vuli, au za masika. Mbegu iliyo juu ya meko ina mvua yake. Mbegu isiyo na mvua yake ni pambo la jikoni. Hapo ndipo nilipoanza kuona mahali methali zetu mbili zinapoachana. Anayesubiri anaweza kuitaja mvua anayoisubiri. Anayengojangoja hawezi.

Mtazame mgonjwa wa saratani anayegandisha mayai kabla ya kuanza dawa zitakazoharibu ovari zake. Hakuna anayemlaumu, hata shangazi. Tunasema ni kwa sababu yeye ana sababu ya kitabibu. Nadhani kuna zaidi: kizuizi chake kina jina na kina mwisho unaotarajiwa. Kwa kipimo hicho, mwanamke anayemuuguza mzazi, au anayelipa deni la mirathi, au aliyebakiza miaka miwili ya udaktari bingwa, naye ana mvua yake, ingawa hakuna cheti cha hospitali kinachoitaja.

Anayesema "nitagandisha mpaka nijue kama nataka mtoto" yuko mahali pagumu zaidi, na hapo ndipo nilipokuwa mimi. Mwanafalsafa L. A. Paul, katika *Transformative Experience* ya mwaka 2014, alieleza kwamba kupata mtoto ni moja ya mambo ambayo huwezi kuyapima kabla ya kuyapitia, kwa sababu yanambadilisha yule anayepima. Huwezi kujua umama utakuwaje kwako mpaka uwe mama, na ukishakuwa mama huyu wa leo aliyekuwa akiuliza hayupo tena. Nikiikubali hoja hiyo, miaka saba zaidi ya kufikiri haitanipa jibu. Nikiwa na miaka 41 nitakuwa nimesimama mbele ya mlango uleule, umefungwa vilevile. Kununua muda ili nijue kitu ambacho muda hauwezi kunijulisha ni biashara mbovu.

Msomaji atauliza: na aliyekosa mtu je? Mvua yake iko mikononi mwa mwingine, ataitajaje? Ni kweli hawezi kutaja siku mume atakapotokea. Anaweza kutaja kitu kingine: atafanya nini asipotokea. Mayai hayatoki tangini bila mlango wa kutokea, na milango hiyo si sawa kwa kila mmoja wetu. Mwaka 2019 Dar al-Ifta ya Misri ilitoa fatwa ya kuruhusu kugandisha mayai kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba yarutubishwe kwa mbegu ya mume ndani ya ndoa tu. Singapore iliruhusu kugandisha bila sababu ya kitabibu mwaka 2023, lakini ni mwenye ndoa tu anayeweza kuyatumia. Kanisa Katoliki, kwa mafundisho yake ya mwaka 1987, *Donum Vitae*, halikubali utungaji mimba nje ya mwili hata kwa wanandoa. Mwanamke asiyekuwa tayari, kwa imani yake au kwa hiari yake, kutumia mbegu za mwanamume asiyemjua na kulea peke yake, ajue kwamba anachogandisha ni nusu ya kitu. Nusu nyingine bado inamtegemea yule yule aliyekosekana.

Na pia ajue kwamba mlango wa kliniki haukuwa wa kwanza kujengwa. Wakurya wa Tarime wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kurithi humwoa mwanamke mwingine azae kwa jina lake. Koo nyingi humpa dada au ndugu mtoto wa kulea. Sizipambi desturi hizi: mara nyingi aliyezaa kwa jina la mwingine alikuwa binti maskini asiyeulizwa, na aliyepewa mtoto hakuacha kuitwa tasa nyuma ya mgongo. Lakini lugha yenyewe ina jambo. Dada ya mama haitwi jina lingine; ni mama mkubwa au mama mdogo. Watoto watatu wa dada yangu hunipigia simu wakitaka ada, wakiugua, na wakigombana, na neno wanaloniita lina "mama" ndani yake. Halinitoshi kila siku. Siku nyingine linanitosha kabisa.

*

Rafiki yangu mfamasia aligandisha akiwa na miaka 35. Alifanya mizunguko miwili, akapata mayai 11. Mama yake husafishwa damu mara tatu kwa wiki na hana mtoto mwingine wa kumpeleka. Alikaa chini akaandika kwenye daftari: nitamuuguza mama mpaka mwisho, nikifika 41, niwe na mume au sina, nitaamua kuyatumia au kuacha kulipia. Nilipoisoma sikuwa na la kuongeza. Huyo anasubiri.

Mimi nilipojiuliza mvua ipi, jibu lililokuja kwanza halikuhusu mtoto. Nilitaka kuwa na kitu cha kumjibu shangazi. Nilitaka, siku nikiulizwa unangoja nini, niwe na risiti. Jibu la pili lilikuwa hofu ya kujuta, na hofu hiyo ni ya kweli, bado iko. Lakini sikupata la tatu. Kwa hiyo sijagandisha. Nikiolewa mwakani nitajaribu kuzaa kwa miaka niliyonayo, na nisipofanikiwa nitalia kama wanavyolia wengine. Inawezekana nikiwa na miaka 42 nitaikasirikia hesabu hii. Yule aliyegandisha naye anaweza kuikasirikia yake, siku mayai 11 yatakapoyeyushwa na kubaki sifuri. Hakuna upande usio na hatari, na sidhani mtu anayekuuzia upande mmoja anastahili kuaminiwa zaidi kwa sababu ana koti jeupe au kwa sababu ni ndugu wa baba.

Ada ya kuhifadhi hulipwa kila Januari. Mwaka huu rafiki yangu alisitasita kidogo kwa sababu ya bili za mama, kisha akalipa. Jioni ile tulikwenda pamoja kumchukua mama hospitali.